Firigisi ya Jumapili Ile

Chekalini,
12 Machi 2024

Wifi yangu Khalayi,

Pokea salamu pamoja na mtoto. Nimempa Nasambu barua hii aishike mkononi, maana simu ya hapa kwetu unaijua tabia yake. Ndugu yako Jairus akipigiwa anaweka sauti ya juu, hata jirani huitikia salamu kabla yangu. Ukitaka kunijibu, mpe Cheptoo. Analeta mayai yake huko kwenu kila wiki, na ni mtu wa kufunga mdomo.

Sisi hatujambo. Mvua imeanza na watu wanapanda. Nasambu ndiye hajisikii vizuri. Nadhani ni malaria, au ni kuchoka kukaa nyumbani akingoja kuitwa chuo, maana msichana wa miaka kumi na tisa kushinda na mama yake jikoni si raha. Nimeona akae kwako huko karibu na msitu apate hewa ya baridi mpaka tumalize kupanda. Mpikaji wa wageni kama wewe hakosi kazi ya kumpa, na huyu anajua jiko. Ila usimtume mahali peke yake.

Na usimwulize mengi, wifi. Ukimwuliza atalia tu, na kilio hakiponyi malaria.

Nguo zake zote nimezifua jana, kwa hivyo ukiona begi limelowa usishangae. Jairus anajua amekuja kukusaidia kazi. Mengine hayajui, na hakuna mengine.

Ni mimi wifi yako,
Navalayo

*

Buyangu,
16 Machi 2024

Wifi Navalayo,

Malaria yako nimeiona.

Mtoto alifika salama. Nilimpa chai, akaishika mpaka ikapoa. Alichagua kile kigoda cha pembeni, mgongo ukutani, macho mlangoni, na mzee anayelinda lango alipoingia kuomba moto wa sigara, mtoto alisimama kama mtu aliyeitwa mahakamani. Mimi nimelea wanne na nimezika mume. Homa naijua, na woga naujua.

Sikumwuliza mengi, kama ulivyoagiza. Nilimwuliza moja tu, kesho yake asubuhi tukichambua kunde. Nilimwuliza, "Ni nani?" Akasema ni Lusweti. Ndani ya kisiagi chake, siku ile ulipomtuma na mahindi, wanawake wengine walipokwisha kusagiwa na kuondoka. Aliendelea kuchambua kunde huku akisema. Mimi ndiye niliyeacha.

Akaniambia pia kwamba mtu wa kwanza aliyemwambia ni wewe, jioni ileile, na kwamba ulimwuliza, "Nani amekuona?" Kisha ukampashia maji ya kuoga.

Sikuandikii ili nikupige, wifi. Nakuandikia ujue nilichofanya. Nilimpeleka hospitali ya mjini siku hiyohiyo. Kuna dawa za kumkinga na virusi ambazo haziwezi kungoja, zikipita siku tatu hazina kazi tena, na nyingine ya kuzuia mimba. Tulizipata zote na hatukuulizwa hata shilingi. Kuna chumba chao cha pembeni, na mama mmoja wa ushauri ambaye hakumshika bega wala kumwita maskini. Alimwuliza kama anataka mlango ufungwe au uachwe wazi. Nasambu alisema uachwe wazi, na ukaachwa wazi.

Nikamwuliza tukitoka, sasa unataka nini? Akasema anataka Lusweti aulizwe. Tukaenda polisi, kwenye dawati la jinsia, akaulizwa yeye kwanza kama inavyotakiwa, na akasema yote.

Sasa nakuuliza na wewe swali moja. Ndugu yangu Jairus amejua?

Wako,
Khalayi

*

Chekalini,
25 Machi 2024

Wifi Khalayi,

Barua yako nimeisoma nyuma ya ghala na kuichoma. Ulinikata maini.

Umepeleka aibu ya nyumba yangu mjini kabla ya kuniuliza. Kama ungengoja, tungezungumza polepole kama watu wa familia. Sasa Jumatano polisi wamekuja na gari mpaka kisiagini, watu wote wakiangalia, wakamchukua Lusweti. Siku mbili baadaye ameachiliwa kwa bondi, anasaga kama kawaida. Jana kanisani nilipokaa, Mama Wekesa, shemeji yake Lusweti, alisogea mpaka mwisho wa benchi, kama mimi ndiye niliyeshikwa.

Ndiyo, Jairus amejua. Alijulia hapo barabarani, kama mtu wa kupita. Tangu siku hiyo anaamka, anaenda shambani, anarudi, ananawa, analala. Hajanipiga. Ningejua la kufanya kama angenifokea.

Wewe ni mtoto wa kwenu, huhitaji kufundishwa na mimi Lusweti ni nani kwake. Ni bakoki, rika lake la tohara. Walipakwa udongo asubuhi moja, mtoni pamoja, wakasimama mbele ya kisu kimoja mmoja nyuma ya mwingine, na hakuna aliyepepesa jicho. Lusweti anapoingia hapa simwiti kwa jina. Nasambu tangu anajifunza kusema alimwita baba. Mtoto wa bakoki wako ni mtoto wako, hata kumtania kuna mpaka. Ndiyo maana nilimtuma pale bila wasiwasi, wifi. Mahali pengine pote katika Chekalini nilikuwa namwambia aangalie nyuma yake. Pale sikumwambia.

Kuhusu maji ya kuoga, mimi niliona mtoto wangu ana vumbi la unga mpaka kwenye nywele na nguo zimechanika. Mama akiona hivyo anafanya nini? Anaosha.

Mengine ni kawaida. Wageni walikuja jana baada ya ibada kumjulia Jairus hali, wakala, wakaenda zao. Mwambie Nasambu mbuzi wake amezaa.

Navalayo

*

Buyangu,
6 Aprili 2024

Navalayo,

Leo sikuiti wifi.

Afisa wa dawati la jinsia amenipigia simu. Anasema Wekesa, kaka yake Lusweti, amefika kituoni na wazee wawili, wamevaa koti, wakaomba jalada lifungwe. Wakasema familia mbili zimekwisha kuelewana. Alipowauliza zimeelewana wapi, Wekesa akasema, nyumbani kwa Jairus, Jumapili, kwa kuku. Akaongeza, mama wa mtoto alichinja kwa mkono wake, tukala pamoja, mwenye nyumba akapewa firigisi yake. Neno limelala.

Wageni waliokuja kumjulia Jairus hali. Ulijua kuandika mbuzi amezaa, lakini hukujua kuandika waliokula ni akina nani.

Unajua ninachokula mimi hapa? Ninakula nusu ya sahani, na Nasambu hali kitu, kwa sababu simu ile niliipokea jikoni naye yuko. Nilijaribu kupunguza maneno lakini akasikia. Akaniuliza mimi shangazi yake, "Senge, Mama aliwapikia?" Alikuwa ameanza kupona, Navalayo. Alikuwa anapanda mpaka kule juu kwenye mnara wa kutazamia msitu na wageni wa kike, anawatajia miti. Juzi alicheka. Tangu simu ile amerudi kwenye kigoda cha pembeni.

Afisa aliwajibu vizuri. Aliwaambia kesi hii ni ya Jamhuri, si ya kuku, na wazee hawana ruhusa ya kuilaza wala kuiamsha. Wakaondoka na koti zao. Lakini mimi aliniambia ukweli mwingine. Nguo zilifuliwa. Mwili ulioshwa. Daktari aliona alichoona, lakini kesi itachechemea kama yule mtu wa kwanza aliyeambiwa hatasimama kusema jioni ile mtoto alirudi vipi, na alisema nini. Mtu huyo ni wewe. Usipokuja, watasema mama mwenyewe amekula nao.

Nina hasira na wewe kiasi kwamba nimeunguza ugali wa wageni. Nijibu bila kuzunguka. Uliwapikia kwa sababu gani?

Khalayi

*

Chekalini,
14 Aprili 2024

Wifi,

Nitakuita hivyo hata kama wewe hutaki.

Niliwapikia kwa sababu walikuwa wageni. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta.

Waliingia Jumapili tukitoka kanisani, Wekesa na wazee wawili. Lusweti mwenyewe hakuja. Wakapiga hodi, wakaketi, wakaulizia mahindi, wakaulizia mgongo wa Jairus. Hawakutaja jina la mtoto. Mimi nilikuwa nangoja walitaje. Nilikuwa nimejiandalia hata maneno ya kuwajibu. Lakini hawakutaja, na saa zinaenda, na watu wazima wameketi mezani kwangu midomo mikavu. Wewe umeolewa na umekaa na wakwe, unajua. Mama akimwacha mzee atoke kwake bila kula, hiyo inakuwa habari ya miaka. Nikamkamata yule jogoo mwekundu, nikasonga obusuma, ule ugali wetu, nikawanawisha mikono. Nilipiga magoti kuwanawisha, wifi.

Walipomaliza, Wekesa akajipangusa mdomo, akasema, "Asante Mama. Sasa tumekulanga pamoja kama zamani. Neno limerara." Akasimama kabla sijaelewa. Nilibaki na sinia mkononi. Sikujua kama ninampikia mgeni au ninapika kesi ya mwanangu.

Kwenye barua nikakuandikia habari za mbuzi. Niliona haya. Mficha uchi hazai, na mimi nimezaa na bado naficha.

Sasa nikueleze mambo mawili ambayo hujui.

La kwanza. Nilimwendea Cheptoo nikamwambia yote, kwa sababu yeye ndiye anayebeba barua na nilidhani ameshajua. Hakujua yaliyomo, lakini jina la Lusweti halikumshtua. Akaniambia, "Mama Nasambu, sisi wote tulijuanga. Wangu siwaachanga waende kisiagi peke yao. Hata Mama Wekesa hamtumanga msichana wake." Nikamwuliza, kwa nini hamkuniambia? Akasema walidhani mimi sihitaji kuambiwa, kwa sababu Lusweti ni bakoki wa Jairus, kwa hivyo kwetu hawezi. Kumbe kila mama amewafunza wake waende wawili wawili, na amenyamaza, na kila mmoja amefunga mlango wake tu. Nimekasirika mpaka nimeshindwa kulia. Halafu nimejiuliza, kama wangeniambia, mimi ningewaambia wengine? Au na mimi ningemwambia Nasambu aende na mwenzake, basi?

La pili. Siku ile nilipoondoa vyombo, firigisi ilikuwa bado kwenye sahani ya Jairus. Ameifukia chini ya kipande cha ugali kama mtoto anayeficha dawa. Mimi ndiye niliyemwekea, kama kawaida, firigisi ni ya mwenye nyumba, na wao waliona ikiwekwa. Wote waliangalia ikiwekwa, lakini hakuna aliyeangalia kama imeliwa. Nilidhani ni tumbo. Baada ya barua yako nikamwuliza. Alikuwa ananoa jembe. Akasema bila kuinua kichwa, "Ilinikwama. Sikuweza kumeza." Nikamwambia basi twende ukaseme hivyo kwa watu, kwamba hukula, hukukubali. Akanoa tena kwa muda. Akasema, "Yule tulisimama naye. Siwezi kusimama mbele yake."

Basi hapo ndipo nilipo. Mume hawezi kumeza na hawezi kutema. Kuhusu kuja mahakamani, naogopa. Nikisimama pale nitakuwa nimemshtaki bakoki wa mume wangu mbele ya watu wa kwao, na shamba hili liko katikati yao. Sijui, wifi. Mwambie Nasambu chochote isipokuwa uongo.

Navalayo

*

Buyangu,
2 Julai 2024

Mama,

Senge anasema barua zako za tangu Mei ni za mvua na mahindi. Amechoka kukujibu, kwa hivyo naandika mimi.

Nimepona kiasi. Nimalizie hilo kwanza, najua ndilo unalotaka kusikia. Dawa nilizimeza zote mpaka mwisho, zilinitapisha sana. Vipimo vimerudi vizuri, nitarudia kupimwa mara moja tena. Kila baada ya wiki mbili tunakutana pale hospitalini, wasichana na wanawake, mmoja ni bibi wa kutembelea fimbo. Hatulii sana kama unavyofikiria. Siku nyingine tunasuka nywele tu na kusemana. Bibi huyo alituambia kwake walimaliza mambo kwa ng'ombe, miaka mingi iliyopita, na kila ng'ombe yule alipokamuliwa maziwa, bibi alitoka akaenda kukaa kwa jirani. Nilifikiria jogoo wetu mwekundu.

Kuna siku nzuri na kuna siku siwezi kuvumilia harufu ya unga mpya. Senge ameanza kununua unga wa dukani wa pakiti, na unamjua alivyo na mkono mgumu. Hakuniambia ni kwa ajili yangu.

Mama, nimesoma barua zako zote. Senge alinipa mwenyewe, alisema mambo yangu hayatasomwa na watu wengine mimi nikiwa nje. Kwa hivyo najua kuhusu wageni, na najua kuhusu Baba na ile firigisi. Nililia kwa ajili ya Baba. Kwa ajili yako sikulia, nilikasirika.

Jioni ile niliposimama mlangoni, nilikuwa nimefikiria neno moja njia nzima. Nilikuwa nimefikiri wewe utalisema. Ulisema, "Nani amekuona?" Nimejaribu kuelewa, na mama wa ushauri amenisaidia kuelewa kwamba ulikuwa unaogopa kwa niaba yangu. Naelewa. Lakini bado ninalisubiri lile neno.

Kesi itasikilizwa Alhamisi tarehe kumi na nane, saa tatu asubuhi. Watakuletea karatasi ya kukuita, labda imeshafika na umeiweka chini ya godoro. Mimi nitasema yangu, uje usije. Watanipa nafasi niseme nikiwa nyuma ya pazia nisimwone. Sikuombi unitetee, kwa sababu sijui kesi inaamuliwa vipi na Senge anasema hata wakili hajui. Nakuomba uje useme ulichokiona. Vumbi la unga kwenye nywele. Nguo. Kwamba nilikuambia jina, na kwamba uliniamini. Uliniamini, Mama? Hukuwahi kusema.

Sijakusamehe yote. Lakini nakutaka pale.

Mwanao,
Nasambu

*

Chekalini,
14 Julai 2024

Nasambu mwanangu,

Niliamini. Kabla hujamaliza jina niliamini. Nimekaa na barua yako siku nyingi nikijua hilo ndilo nililopaswa kuandika, na kila nikishika kalamu nakuta ninakuandikia habari za mahindi.

Karatasi imefika, na ni kweli niliiweka chini ya godoro. Sasa iko kwenye kibegi changu cha kanisa pamoja na Biblia na kitambulisho.

Leo kwenye mkutano wa kina mama niliomba nafasi. Walidhani nitatoa ombi la mvua. Nikasema, binti yangu ameumizwa ndani ya kisiagi cha Lusweti, na Alhamisi nakwenda kusema nilichokiona. Nikasema pia, najua wengine mnawatuma wenu wawili wawili, na mimi sasa najua kwa nini. Mama Wekesa alitoka nje. Wengine walitazama sakafu, na mwenyekiti akaanzisha wimbo ili mkutano uendelee, nikaimba nao, ningefanya nini? Lakini tulipotoka, Cheptoo alinifuata mpaka njia panda, akasema atakuja Alhamisi kukaa nyuma tu, hata kama hataitwa. Na mama mmoja, sitamtaja, alinishika mkono kwa nguvu akauliza ile ofisi ya dawati iko upande gani wa kituo. Nilimwelekeza. Sikumwuliza kwa nini.

Jana Wekesa alirudi hapa na wazee wake. Nilimpa kiti na maji ya kunywa, kwa sababu mgeni ni mgeni. Jiko halikuwashwa. Walikaa mpaka jua likazama, wakaelewa, wakaenda.

Baba yako alikuwepo akanitazama nikikaa bila kupika. Walipoondoka aliniuliza, "Ukienda, utarudi wapi?" Tumeishi miaka ishirini na miwili na sikuweza kujua kama ananitisha au kweli anauliza. Nilimwambia sijui. Anakusalimu. Hilo sijalitunga, alisema, "Msalimie." Kwamba atakuja, siwezi kukuahidi, na usimtazamie mlangoni ukaumia.

Ninaogopa, Nasambu. Naogopa wakili wao ataniuliza kwa nini nilifua, na kwa nini nilipika, na nitalazimika kujibu mbele ya watu wote nawe ukisikia. Nitajibu. Nitasema nilikosea vyote viwili.

Nitafika Jumatano kwa senge yako. Mwambie asiandae kitu. Nakuja na kuku, nimeshamtenga, yule mweusi wa kishungi aliyekuwa wako. Tutamchinja sisi watatu baada ya kutoka mahakamani, tushinde tusishinde. Hapa kwetu mimi sijawahi kula firigisi, wala bibi yako, wala mama yake. Hiyo nitakuwekea wewe kwenye sahani, na nitakaa hapo mpaka uimalize.

Pole, mwanangu. Neno ulilokuwa unalisubiri, nadhani ni hilo. Pole.

Mama yako,
Navalayo